Mwenye Kipara na Haki ya Kutafuta Dawa

Miongoni mwa misiba ambayo watu huiona midogo mpaka iwafike wao wenyewe, msiba wa kunyonyokwa na nywele umekaa mahali pa peke yake. Haumuui mtu wala haumlazi kitandani, haumzuii kulima wala kuvua, wala haumpunguzii kitu katika sala yake, na pamoja na hayo yote waweza kumfanya kijana wa miaka 25 aone haya kuvua kofia mbele ya wenziwe, na waweza kumfanya mwanamke, aliyezoea kwenda arusini kichwa chake kimesukwa na kutiwa asumini, akae nyumbani siku ya arusi ya ndugu yake wa tumbo moja. Aliyefikwa na jambo hili huwa na maswali mawili. La kwanza humpelekea tabibu, akamwuliza ni dawa ipi iliyo bora. La pili humpelekea sheikh au padri wake, akamwuliza kama ni halali kuitafuta dawa hiyo, au kama kuitafuta ni namna ya kumnung'unikia Mola kwa alilolikadiria. Maswali haya aghalabu huulizwa mbali mbali, na majawabu yake hutolewa mbali mbali, tabibu asijue alilosema sheikh wala sheikh asijue alilosema tabibu. Mimi naona kwamba hayatenganiki. Kwamba hapana awezaye kulinganisha tiba na tiba kwa uadilifu mpaka kwanza ajue ni kitu gani hasa kilichomtoka, na anataka arudishiwe nini, na kwa thamani gani, na atakuwa mtu wa namna gani akiisha kurudishiwa.

Na tuanze kwa kuiondoa dhana kwamba dini haina habari na nywele. Siku ya saba ya maisha yake mtoto wa Kiislamu hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na ni sunna kutolewa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele zile. Na mtu mzima akamilishapo Hija yake kule Mina hunyoa au hupunguza, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaombea wanyoao zaidi ya alivyowaombea wapunguzao. Imepokewa pia kwamba aliamuru mwenye nywele azitunze kwa heshima. Mafakihi nao, walipoziandika hukumu za dia, hawakuusahau unywele: kwa Mahanafi na Mahanbali, aliyeziangamiza nywele za kichwa cha mwenziwe hata zisiweze kuota tena hulazimika kulipa dia kamili kama ya nafsi, ilhali Mashafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa mwambao wetu, waliona kwamba hapo pana fidia inayokadiriwa na kadhi kulingana na hasara iliyompata mtu. Ikhtilafu yao ni ya kiasi cha malipo. Ama kwamba pana kitu cha kulipwa, hilo hawakulibishania.

Walakini dini hiyo hiyo haikumfanya mwenye kipara kuwa mtu pungufu. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya mtu aliyemwona Umar bin Khattab akilibusu Jiwe Jeusi, na katika kuisimulia akamtaja Khalifa kwa kipara chake, kwa mapenzi, jinsi watu wamtajavyo mzee wao. Na Sayyidna Ali naye, vitabu vya tarikhi vyamweleza kuwa nywele za mbele ya kichwa chake zilikuwa zimekwisha. Hali kadhalika katika mlango wa 13 wa Mambo ya Walawi, ambao karibu wote ni wa hukumu za ukoma na unajisi wa ngozi, Taurati yamtenga mwanamume aliyepukutikwa na nywele, zikiwa za utosini au za pajini, na kumhukumia kuwa ni safi, maadamu pale penye upara hapakutokea kidonda cha ukoma. Basi twapewa mambo mawili tuyashike kwa pamoja: nywele zina thamani, na asiye nazo hana ila.

Wako wacha Mungu wenye nia safi wasemao kwamba aliyeondolewa nywele na Muumba wake na anyamaze, kwa sababu dawa ni kushindana na kadari. Hoja hii ina heshima yake, lakini haisimami mbele ya hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik, ambayo ndani yake Mabedui walimwuliza Mtume kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nayo ni uzee. Wala haisimami mbele ya tendo la huyo huyo Umar, ambaye aliporudi njiani asiingie Sham iliyokuwa na tauni, na Abu Ubaida, amiri wa jeshi lake, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari moja na kuiendea nyingine, na zote ni za Mungu. Dawa imo ndani ya kadari. Mizizi ya miti na akili ya mtafutaji ni vyake Yeye aliyeyaumba maradhi.

Lakini yale maneno ya mwisho katika hadithi ya Usama, kwamba uzee hauna dawa, ndiyo yanayotutia katika tafakuri. Kwani lazima tuulize, kipara ni maradhi au ni uzee? Akisema mtu kwamba ni maradhi, basi ameamrishwa ajitibu. Akisema ni uzee, basi anayekitibu anapoteza mali yake na siku zake. Na hapa sheikh hawezi kujibu peke yake. Hana budi amwite tabibu, na tabibu atamwambia kwamba hakuna jambo moja liitwalo kunyonyoka nywele, bali yako mambo mengi yanayofanana kwa macho na kuhitilafiana kwa asili.

Mtoto mwenye mapunye ana kuvu iliyoingia ndani ya unywele wenyewe, naye hutibiwa kwa vidonge vya griseofulvini kwa muda wa wiki 6 hadi 8, wala marhamu peke yake haimtoshi, kwa sababu haifiki shinani. Mwanamke aliyejifungua, au mtu aliyetoka katika homa kali, huona nywele zikimtoka mafungu mafungu miezi miwili au mitatu baadaye, akadhani kwamba amerogwa, kumbe ni nywele zilizoingia katika mapumziko yao kwa pamoja wakati wa taabu ile, nazo hurejea zenyewe. Huyu hahitaji dawa ya kichwani, ahitaji kuambiwa kweli na kutulizwa moyo. Aliyepungukiwa na madini ya chuma katika damu, au mwenye tezi ya shingo iliyopotoka, hutibiwa upungufu ule au tezi ile. Mwenye mabaka ya mviringo, laini, yasiyo na unywele hata mmoja, amepigwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, iliyoidhania mizizi ya nywele kuwa adui. Wengi wa hawa, mabaka yakiwa machache, hupona bila ya dawa, wengine huchomwa sindano za steroidi katika ngozi ya kichwa, na kwa wale walioenewa kichwa kizima, Marekani iliidhinisha mnamo Juni 2022 vidonge vya barisitinibu, ambavyo katika majaribio viliwarudishia sehemu kubwa ya nywele kiasi cha theluthi ya waliovimeza kwa kipimo kikubwa, lakini huidhoofisha kinga ya mwili, na mtu hulazimika kupimwa damu mara kwa mara. Haya yote ni maradhi, hayana shaka, na anayeyatafutia dawa anatii amri. Ndiyo maana naona ni dhuluma kumwuzia mtu chupa ya mafuta kabla ya kumtazama kichwa. Na ni faraja kwamba tangu mwaka 1992 pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwapo chuo cha kuwafundisha wahudumu wa maradhi ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, ili mtu asilazimike kuvuka bahari kwa ajili ya kuambiwa kilichomsibu.

Kilichobaki, nacho ndicho kilichowapata walio wengi, ni kipara cha kurithi, kile kianziacho pembe za paji na utosini na kuendelea polepole mpaka vikutane. Hipokrati wa Wayunani alikwisha kutambua kwamba matowashi hawaoti kipara. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hubaki na nywele zao, lakini wakipewa testosteroni, wale ambao kipara kimo katika ukoo wao huanza kunyonyoka. Kisha mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenziwe wakatangaza habari za watoto wa kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominikana, waliozaliwa wakadhaniwa ni wasichana, na walipofika umri wa kubaleghe wakadhihirika kuwa ni wanaume. Ilionekana kwamba watoto hao walikosa kimeng'enya kiigeuzacho testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihaidrotestosteroni. Na ilionekana pia kwamba walipokuwa watu wazima tezi zao dume zilibaki ndogo, na nywele za mbele hazikuwatoka. Kwa kuifuata njia hiyo iliyofunguliwa na maumbile ya watu wa kijijini, matabibu wakaunda dawa ya kukizuia kimeng'enya kile, finasteraidi, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1992 kwa wazee wenye tezi dume iliyokua, na mwaka 1997, kwa kipimo cha miligramu 1, kwa wanaume wenye kipara.

Habari hii naiona kuwa ni katika ishara kubwa kubwa za kuumbwa kwetu. Homoni ile ile inayolikamilisha umbo la mtoto wa kiume tumboni mwa mama yake, ambayo bila yake amezaliwa akadhaniwa binti, ndiyo ambayo baada ya miaka 20 au 30 huipunguza mizizi ya nywele utosini mpaka itoe malaika tu mahali pa nywele. Kwa hiyo kipara hiki hakiwezi kuitwa uzee, kwa kuwa humpata kijana ambaye hajaoa. Wala hakiwezi kuitwa maradhi kwa maana yake kamili, kwa kuwa hakuna kiungo kilichoacha kufanya kazi yake. Ni gharama iliyofungamanishwa na neema, na mwenye kuipokea neema amekwisha kuikubali gharama bila ya kuulizwa. Hukumu ya jambo la namna hii, kwa rai yangu, ni ruhusa: si wajibu kulitibu, wala si haramu, na hapo ndipo mizani ya hekima inapoanza kufanya kazi, kwa kuwa penye wajibu na penye haramu mtu hana la kuchagua.

Basi na tupime. Minoksidili ilianza kuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979, na wagonjwa walioimeza wakaota nywele wasipozitaka, hata mwaka 1988 ikaidhinishwa kuwa dawa ya maji ya kupaka kichwani. Hupakwa kila siku, aghalabu mara mbili, wanaume na wanawake. Katika wiki za mwanzo nywele huweza kutoka zaidi ya kwanza, na wengi huvunjika moyo wakaiacha wakati huo. Manufaa yake huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, na mtu akiiacha, zile zilizookolewa humtoka tena katika miezi michache. Finasteraidi humezwa mara moja kwa siku, ni ya wanaume tu, na nguvu yake ni kubwa zaidi: katika majaribio ya miaka 2, wanaume 83 katika kila 100 walizihifadhi au kuziongeza nywele zao za utosini, hali ya kuwa miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 28 tu. Lakini kwa sababu inashika mahali palipo karibu na uanaume wenyewe, wachache hupungukiwa na matamanio au nguvu za ndoa. Wako waliolalamika kwamba upungufu ule haukuondoka hata walipoiacha. Na wasimamizi wa dawa wa Ulaya na Marekani wameamuru iandikwe pamoja nayo tahadhari ya huzuni nzito na mawazo ya kujiua. Mwanamke mwenye mimba hapaswi hata kukigusa kidonge chake kilichovunjika, kwa khofu ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Katika maneno hayo ya tabibu mimi nayasikia maswali mawili ya dini. Moja ni la haki. Mke ana haki katika ndoa yake, haki iliyotajwa na kuandikwa, na mume anayemeza dawa iwezayo kuipunguza haki hiyo kwa ajili ya nywele zake mwenyewe, bila ya kumshauri mwenziwe, ametumia kisicho chake peke yake. La pili ni la wakati. Dawa hizi mbili hazina siku ya kwisha. Anayezianza ameingia katika ahadi ya maisha, na kila asubuhi na kila jioni kwa miaka 20 atasimama mbele ya kioo kukitazama kitu ambacho hatimaye uzee utakichukua. Sisemi kwamba amekosea. Wako ambao dakika zile chache huwapa amani ya kukaa na watu siku nzima, na amani ya moyo ni kitu kikubwa. Nasema kwamba kabla ya kuanza na ajiulize kama dawa itampunguzia kuzifikiri nywele zake au itamzidishia. Kwani aliyekuwa akihuzunika mara moja kwa wiki, kisha dawa ikamfundisha kuhesabu kila unywele uliobaki katika kitana, amenunua hasara.

Kupandikiza nywele ni jambo la namna nyingine. Shoji Okuda wa Japani aliandika habari zake mwaka 1939, na Norman Orentreich wa New York akaithibitisha mwaka 1959 kanuni ambayo juu yake kazi yote imejengwa, kwamba unywele uliotolewa kisogoni hubaki na tabia ya kisogo hata ukihamishiwa mbele ya kichwa. Tabibu, kama mkulima ahamishaye miche, haumbi nywele mpya, bali huzitoa zilipo nyingi akazipeleka zilipokwisha. Kwa hiyo asiye na akiba ya kutosha kisogoni hana la kupandikizwa. Nywele zilizohamishwa hupukutika kwanza, kisha huanza kuota baada ya miezi 3 au 4, na sura yake kamili hupatikana baada ya kiasi cha mwaka. Na watu wetu, ambao nywele zao ni za kipilipili, wajue kwamba mzizi wa nywele hizo umepinda chini ya ngozi vile vile ulivyopinda juu yake, basi kuutoa bila ya kuukata kwataka mkono wenye ujuzi maalumu, na mwenye ngozi ya kuota makovu yaliyoinuka aseme mapema.

Upande wa sharia, Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, liliyahesabu mambo yanayoruhusiwa katika upasuaji wa kurekebisha ila zilizomzukia mtu, na likataja miongoni mwake kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke. Hoja ni nyepesi kueleweka: nywele ni za mtu mwenyewe, zinaota na kukua, maji ya udhu yanazifikia, na kilichofanyika ni kurejesha umbo, si kuligeuza. Linalobaki ni fedha. Wako wasafirio mpaka Istanbul kwa kazi hii, na mwenye ukwasi wa halali si wangu kumkataza. Lakini anayekopa kwa riba, au anayeichelewesha karo ya wanawe ili apate nywele za paji, ameyatanguliza ya nyuma na kuyarudisha nyuma ya mbele. Ama mafuta ya nazi, hina na habasoda, hivyo ni vitu vyema vilivyolelea vichwa vya bibi zetu; nazi huulinda unywele usikatike, hina huupa rangi na heba; lakini mzizi uliokufa hauvijui, na anayeitumia hadithi tukufu ya habasoda kuuzia chupa, akimwahidi mwenye kipara cha miaka 15 kwamba nywele zitarudi kwa mwezi, amefanya ghashi katika biashara na katika dini kwa pamoja.

Sasa naja kwa wale walioyasikia haya yote wakasema kwamba wao watasubiri. Subira ni daraja tukufu, na dalili yake nzuri kuliko zote katika mlango huu ni habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, ambaye Ibn Abbas alimwonyesha mwanafunzi wake Ata akimwita mtu wa Peponi. Mwanamke yule alimwendea Mtume akamwomba amwombee dua, naye akampa hiari: akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka ataombewa apone. Akachagua subira, lakini akaomba jambo moja, kwamba aombewe asifunuke nguo anapoanguka, naye akaombewa. Wengi wetu huisoma habari hii kwa kuusifu uvumilivu wake tu. Mimi naona ndani yake mambo mawili ambayo wenye nywele huyasahau wanapowahubiria wasio nazo. Kwanza, alipewa hiari. Subira haikushushwa juu yake kama hukumu, na hapana mwanadamu aliye na mamlaka ya kumchagulia mwenziwe subira. Pili, huyo huyo aliyeyakubali maradhi hakuikubali fedheha. Aliitakia nafsi yake stara mbele ya macho ya watu, wala hakuambiwa kwamba ombi lake ni la kidunia.

Iko hadithi nyingine, iliyo katika Sahihi zote mbili, ambayo mimi naifanya kuwa kipimo cha masala haya yote. Abu Huraira amepokea kwamba Mwenyezi Mungu aliwajaribu watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu, akampelekea kila mmoja malaika amwulize alipendalo zaidi. Mwenye kipara akataka nywele nzuri, na kuondokewa na kile kilichowafanya watu wamchukie. Malaika akampangusa kichwa, kipara kikaondoka, akapewa na ng'ombe mwenye mimba, na mifugo yake ikazaana mpaka ikajaa bonde. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameifanya hadithi hii kuwa dalili ya kuruhusiwa kutibu kipara, kwa kuwa malaika hakumlaumu aliyetaka nywele, bali alimpa. Na dalili hiyo ni njema. Lakini kisa hakikwisha hapo. Malaika alirudi baadaye katika sura ya maskini mwenye kipara, msafiri aliyeishiwa na njia, akamwomba ng'ombe mmoja tu kwa jina la Yule aliyempa nywele; naye akamnyima, na alipokumbushwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kipara na ufukara, akakana, akasema kwamba mali yale ni urithi wa wazee wake. Tazama basi mahali kosa lilipo. Hakulaumiwa kwa kutamani, hakulaumiwa kwa kupokea, hakulaumiwa kwa kujipamba kwa alichopewa. Alilaumiwa kwa kumkana mtu aliyekuwa yeye jana, na kwa kumtazama mwenye kipara aliyesimama mlangoni pake kana kwamba ni mtu wa kabila nyingine. Ikiwa ni hivyo, basi katika kuchagua tiba lazima mtu aulize pia ni ipi itakayomtaka aseme uwongo, na ni ipi itakayomwachia ulimi wake salama. Na aliyepata nywele kisha akashiriki katika kucheka vipara vya wengine, huyo nywele zimemdhuru.

Kwa kipimo hiki ndipo napenda kuitazama hali ya wanawake, ambayo ndiyo nzito zaidi. Mwanamume mwenye kipara hunyoa kichwa kizima akaenda zake, na watu humwita mzee kwa heshima. Mwanamke hana njia hiyo nyepesi. Na mara nyingi nywele zake hazikuondoka kwa kurithi, ziliondolewa kwa mkono: misuko iliyokazwa tangu utotoni hata macho yakavutika, rasta nzito zilizofungwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha. Mapema, mtu akilegeza misuko, nywele hurudi. Ikipita miaka, mzizi hugeuka kovu na hazirudi kwa dawa yoyote. Iko pia namna ianziayo utosini na kutanuka kwenda pembeni, iwapatayo hasa wanawake wenye asili ya Afrika, nayo huacha kovu vile vile. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba baadhi ya wenye maradhi haya wamerithi hitilafu katika chembe ya asili ijulikanayo kwa jina la PADI3, basi asilaumiwe kila mwanamke kwamba amejiharibu mwenyewe. Kwa hawa wenye kovu dawa huzuia uharibifu usiendelee tu, na kupandikiza hakufai mpaka maradhi yametulia kabisa. Ama aliyetokwa na nywele kwa dawa za saratani, huyo nywele zake kwa kawaida huanza kurudi katika miezi michache baada ya tiba kwisha, na kilemba chamtosha kuvukia.

Mwenye kovu amebakiwa na nywele za bandia, na hapo anakutana na hadithi nzito ya mwanamke wa Kiansari aliyemwoza binti yake, binti akaugua nywele zikamnyonyoka, na mama akauliza kama amuunganishie nyingine, naye Mtume akakataza na kumlaani aunganishaye. Sitaki kuipunguza hadithi hii makali yake. Mafakihi wa Kishafii waliharimisha nywele za binadamu moja kwa moja, na nywele safi zisizo za binadamu wakaziruhusu, kwa kauli iliyo sahihi kwao, kwa mwanamke mwenye mume aliyempa idhini. Na katika zama hizi wako wanazuoni waliomruhusu mwanamke asiyekuwa na nywele kabisa avae wigi, kwa hoja kwamba huyo haongezi uzuri juu ya uzuri, bali anaondoa ila, kama vile Mtume alivyomwamuru Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, atengeneze pua ya dhahabu pale ile ya fedha ilipotoa harufu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Naona nguvu ya rai hii, na naona kwamba sharti la idhini ya mume lina siri yake: aliyetoa idhini amekwisha kujua, na kwa aliyekwisha kujua hapana hadaa.

Kwa hiyo neno langu kwa binti aliye katika hali hii, na kwa wazazi wake, ni kwamba mchumba aambiwe kabla ya nikahi, aambiwe waziwazi na mtu mzima mwenye busara wa upande wa mke. Mafakihi wa Kishafii walizihesabu ila zinazompa mume haki ya kuivunja ndoa, wakataja wazimu, ukoma, mbalanga na ila za viungo vya uzazi, na kipara hawakukitaja. Akiambiwa akarudi nyuma, ameondoka kwa salama na wala hakumdhulumu mtu. Na akiambiwa akaoa, basi ameoa akijua, na wigi anayoivaa mkewe siku ya arusi ni pambo lililo baina yao wawili.